Usidharau Zoezi la Namba 1 Hadi 100

Wasee, leo najua nitapata maadui, hasa wale wanauza kozi za "jua kuprogramu kwa wiki mbili". Lakini wacha niseme tu. Tunawapoteza wanaoanza mapema sana. Mtu anaanza kujifunza Jumatatu, Jumatano ashachoka na namba, Ijumaa anataka kutengeneza apu ya kushindana na Uber. Yale mazoezi madogo ya mwanzo, kama taja namba 1 hadi 100, toa zile shufwa, jumlisha zote, anayaona ni ya watoto. Anayaruka. Na siku hizi hata kuruka si lazima. Anayatupia akili unde, yanarudi yakiwa yamefanywa, ananakili, anasonga mbele.

Msimamo wangu ni huu: hayo mazoezi madogo ndiyo kazi yenyewe. Na zoezi zuri kuliko yote ni lile ambalo wewe unaweza kupata jibu kwa kalamu kabla hujagusa kompyuta. Juu kompyuta haikuambii ikikosea. Inakupa namba safi, imenyooka, na ukiwa hujui jibu lilifaa kuwa ngapi, utaiamini.

Tuanze na wale hawajawahi kugusa hii kitu, ndio twende pamoja. Programu nyingi za mwanzo zina vitu vitatu tu. Kuna lupu, yaani kurudia kitu kimoja hadi uambiwe acha, kama makanga anayepita kila kiti akiitisha pesa. Kuna sharti, yaani kama hivi basi fanya vile, la sivyo fanya vingine. Halafu kuna hesabu za kawaida: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa, na ile baki inayobaki ukigawa. Ni hayo tu. Ukiwa na hivyo vitatu unaweza kutengeneza vitu vingi kuliko unavyodhani. Na unaweza kuharibu vingi pia.

Chukua lile zoezi maarufu la FizzBuzz. Taja namba 1 hadi 100. Namba ikigawanyika kwa 3, badala yake sema Fizz. Ikigawanyika kwa 5, sema Buzz. Ikigawanyika kwa zote mbili, sema FizzBuzz. Ulikuwa mchezo wa watoto wa kujifunza kugawa, lakini mwaka 2007 mwanaprogramu Imran Ghory aliandika kwamba swali hilo linafaa kuulizwa kwenye mahojiano ya kazi, na alisema wengi wanaojiita wanaprogramu lilikuwa linawashinda. Tangu hapo limezunguka dunia nzima. Mwaka huo huo wa 2007 ndio M-Pesa ilizinduliwa hapa kwetu, na ada zake za kutuma pesa ni masharti matupu: kiasi kikiwa kati ya hapa na hapa, toza hii, kikipita, toza ile.

Sasa mtego wa FizzBuzz uko wapi? Uko kwa mpangilio. Anayeanza anaandika: kama inagawanyika kwa 3, sema Fizz. La sivyo, kama inagawanyika kwa 5, sema Buzz. La sivyo, kama inagawanyika kwa zote, sema FizzBuzz. Inasoma vizuri, ama? Lakini 15 ikifika mlangoni, inakamatwa na sharti la kwanza, inaitwa Fizz, na haifiki chini kamwe. Programu inaendelea bila kulalamika. Hakuna maandishi mekundu, hakuna kengele.

Utajuaje imekosea? Utajua kama ulihesabu kwanza. Kati ya 1 na 100, zinazogawanyika kwa 3 ni 33. Za 5 ni 20. Za zote mbili, yaani za 15, ni 6. Kwa hivyo lazima uone Fizz pekee mara 27, Buzz pekee mara 14, FizzBuzz mara 6, na namba za kawaida 53. Jumlisha: 27 na 14 na 6 na 53 ni 100. Imefunga. Kama skrini yako haina FizzBuzz sita, programu yako inadanganya, hata kama mwalimu wa video amesema "hongera, umemaliza".

Lakini nakubaliana na wanaolalamika kwa kitu kimoja. FizzBuzz haina mwenyewe. Ukikosea Fizz moja, hakuna mtu wa Kayole ama Kisumu atalala njaa. Ndio maana watu wanasinzia nayo. Mi nasema tuchukue vile vitu vitatu, lupu, sharti na hesabu, tuviweke mahali penye kuuma: mfukoni.

Zoezi la kwanza ni kodi ya mshahara, ile PAYE. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi zinatozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25. Kutoka hapo hadi 500,000 ni asilimia 30, kuna 32.5 hadi 800,000, na juu yake ni 35. Ukishapata jumla unatoa nafuu ya 2,400 kwa kila mtu. Hapa nazungumzia mshahara unaotozwa kodi, baada ya yale makato yanayotolewa kwanza. Na kama viwango vitakuwa vimebadilika siku unasoma hii, badilisha namba tu. Mantiki haibadiliki.

Mwanafunzi wa kawaida ataandika hivi: kama mshahara haujapita 24,000, zidisha kwa asilimia 10. Kama umepita, zidisha kwa asilimia 25. Halafu toa 2,400. Inakaa sawa. Hebu tuijaribu na mtu wa 30,000. Programu inasema 7,500, toa 2,400, kodi ni 5,100.

Sasa chukua kalamu. Zile 24,000 za kwanza zinaleta 2,400. Zinabaki 6,000, kwa asilimia 25 ni 1,500. Jumla 3,900, toa nafuu ya 2,400, kodi ni 1,500. Programu imemwibia huyu mtu shilingi 3,600 kwa mwezi, na imefanya hivyo kwa heshima kabisa. Kwani kosa liko wapi? Asilimia 25 inafaa kugusa kile kipande cha juu peke yake. Haigusi mshahara mzima.

Unaweza kulinasa hilo kosa hata bila kumjua huyo wa 30,000. Jaribu pale mpakani. Mwenye 24,000 kamili analipa kodi sufuri: 2,400 toa 2,400. Mwongeze shilingi moja tu. Ile programu mbovu itamwambia alipe 3,600. Yaani bosi akikuongezea bob, unapoteza elfu tatu na mia sita! Hapo akili yako yenyewe inakataa. Na manze, kuna watu wazima wenye kazi nzuri wanaoamini kodi inafanya kazi hivyo, hadi wanaogopa kuongezwa mshahara. Hawajawahi kufanya hili zoezi.

Mtego mwingine ni wa chini. Mpe programu mtu wa 20,000. Asilimia 10 ni 2,000, toa nafuu 2,400, inabaki hasi 400. Programu inatangaza kwamba KRA inakudai wewe uende uchukue mia nne. Ningependa sana, lakini haiendi hivyo. Unahitaji sharti moja zaidi: kodi ikishuka chini ya sufuri, iwe sufuri. Huwezi kujua unalihitaji mpaka ujaribu mtu wa mshahara mdogo. Na huyo ndiye tunamsahau kila siku kwa programu zetu, juu tunajaribu tu na namba zinazotupendeza.

Zoezi la pili ni mkopo. Hili ndilo ningependa kila kijana wa miaka 18 alifanye kabla simu yake haijamkopesha shilingi ya kwanza. Sema umekopa 12,000. Riba ni asilimia 5 kwa mwezi, unalipa miezi 12, na kila mwezi unapunguza deni kwa 1,000. Swali: riba yote ni ngapi?

Jibu linategemea neno moja. Asilimia 5 ya nini? Kama ni ya ule mkopo wa mwanzo, kila mwezi unalipa riba ya 600, hata mwezi wa mwisho ukiwa umebakisha 1,000. Mara 12, hiyo ni 7,200. Kama ni ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza ni 600, wa pili 550, wa tatu 500, inashuka hivyo hadi 50. Jumla yake ni 3,900. Tofauti ni shilingi 3,300 kwa mkopo wa 12,000, na matangazo yote mawili yanaweza kuandika "asilimia 5 kwa mwezi" kwa herufi kubwa.

Kwa programu, tofauti ya mikopo hiyo miwili ni mstari mmoja. Lupu ni ile ile, inazunguka mara 12. Ndani yake, mmoja anazidisha mkopo, mwingine anazidisha deni. Ukishaiandika kwa mkono wako, hutasoma tena tangazo la mkopo venye ulikuwa unasoma. Utauliza: asilimia ya nini? Hilo swali pekee lina thamani kuliko vyeti vingi.

Na hapa pia hesabu kwanza. Ile 3,900 usingoje kompyuta. Riba inashuka kwa 50 kila mwezi, kwa hivyo ni 50 mara jumla ya 1 hadi 12. Oanisha: 1 na 12 ni 13, 2 na 11 ni 13, unapata jozi sita, 78. Mara 50 ni 3,900. Sasa endesha programu. Ikikupa 3,850, usiseme "karibu tu". Hiyo 50 iliyopotea ni mwezi mmoja mzima. Lupu yako imezunguka mara 11. Kwenye Python hii inawapata wengi, juu ukiiambia ihesabu kutoka 1 hadi 12 kwa range, inaishia 11, ile ya mwisho haihesabiwi. Njia nyingine ya kuinasa: lupu ikiisha, angalia deni. Kama bado ni 1,000 badala ya sufuri, unajua mwezi wa mwisho haukuguswa.

Kuna mtu atasema, "Hayo ni makosa ya wanaoanza, mafundi hawakosei hivyo." Sawa, twende Marekani, mwaka 2008. Microsoft ilikuwa inauza kifaa cha kusikiliza muziki kilichoitwa Zune. Tarehe 31 Desemba 2008, vile vya gigabaiti 30 viliganda. Watu wengi waliamka, wakawasha, havisongi. Ushauri wa kampuni ulikuwa acha betri iishe, subiri siku ibadilike, ndio ucharge tena.

Ni nini kilikuwa kimetokea? Lupu, sharti na hesabu. Saa ya kile kifaa ilikuwa inabadilisha idadi ya siku kuwa mwaka. Lupu ilisema: siku zikiwa zaidi ya 365, endelea kuzunguka. Ndani yake: kama ni mwaka mrefu, angalia kama siku ni zaidi ya 366, na kama ndio, toa 366 uende mwaka unaofuata. Kama si mwaka mrefu, toa 365. Sasa 2008 ulikuwa mwaka mrefu, na 31 Desemba ilikuwa siku ya 366. Je, 366 ni zaidi ya 365? Ndio, kwa hivyo ingia ndani. Ni mwaka mrefu? Ndio. Siku ni zaidi ya 366? Hapana, ni 366 kamili. Kwa hivyo usitoe kitu. Rudi juu. Je, 366 ni zaidi ya 365? Ndio. Ikazunguka hivyo bila kutoka.

Hiyo programu ingepita majaribio siku zote za kawaida. Ilihitaji mtu mmoja tu mwenye karatasi aseme, "Wacha nijaribu siku ya mwisho ya mwaka mrefu." Na hilo zoezi la mwaka mrefu liko kwa kila kitabu cha wanaoanza! Mwaka ukigawanyika kwa 4 ni mrefu, isipokuwa ukigawanyika kwa 100, isipokuwa tena ukigawanyika kwa 400. Kwa hivyo 1900 haukuwa mrefu, 2000 ulikuwa. Ukijaribu na 2023 na 2024 peke yake, hata programu mbovu itapita. Jaribu na 1900 na 2000 ndio utaona.

Sasa tuje kwa ile hoja kubwa, juu najua mnaishikilia: "Kwani nisumbuke na nini, si akili unde inaandika hii yote kwa sekunde tatu?" Inaandika, ndio. Mara nyingi inaandika vizuri. Lakini ukiniambia mashine ndiyo itaandika, basi umeniambia kazi iliyobaki ni ya kukagua. Na utakagua na nini kama hujawahi kuona lupu ikizunguka mara 11 badala ya 12? Fundi wa ujenzi anaweza kuletewa matofali na lori, lakini timazi anaishika yeye. Kadiri mashine inavyoandika mengi, ndivyo anayejua kusema "hapa pamekosewa, na jibu sahihi ni 1,500" anavyohitajika zaidi.

Hoja ya pili: "Sina laptopu." Hii naiheshimu, juu ni kweli kwa wengi wetu. Lakini angalia hii yote niliyofanya hapa. PAYE, mkopo, FizzBuzz, hata Zune, tumezifanya kwa maneno. Karatasi na kalamu zinatosha kwa nusu ya kwanza ya kazi. Chora safu mbili, mwezi na deni, uzungushe lupu kwa mkono mara tatu nne. Nusu ya pili, simu ya kawaida ina tovuti na apu za bure za kuendesha Python. Ni finyu, zinasumbua kuandika, lakini kwa mistari kumi zinatosha. Kingereza pia kisikutishe. Python inakudai maneno machache tu kama if, else, for na while. Fikra zote unaweza kuzipanga kwa Kiswahili, Kikamba ama Kijaluo kwanza.

Hoja ya tatu: "Waajiri wanataka miradi mikubwa." Sawa, wajengee. Lakini ule mradi mkubwa ukiufungua utapata nini ndani? Mapipa ya lupu, masharti na hesabu. Ankara ya duka ni lupu ya bidhaa. Punguzo ni sharti. Chenji ni kutoa. Ukijenga ghorofa juu ya FizzBuzz usiyoielewa, itaanguka siku ambayo mteja amelipa.

Mwaka 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kuprogramu wa Kodris Africa kwa shule zetu, na nilifurahi. Lakini kwa walimu na wenzangu tunaofundisha mtandaoni, ombi langu ni moja. Msiulize tu "programu imeendesha?" Kuendesha si kitu. Ulizeni, "Ulitarajia jibu gani, na kwa nini?" Mtoto aandike jibu kwa daftari kabla ya kubonyeza. Halafu ajaribu mara nne: namba ya kawaida, namba ya mpakani, namba ndogo kabisa, na ile ya ajabu. Kwa PAYE hiyo ni 30,000, halafu 24,000 na 24,001, halafu sufuri, halafu milioni moja. Akishazoea hivyo, hata siku hataki kuwa mwanaprogramu, atakuwa mtu ambaye karatasi ya mshahara, mkopo na bili haziwezi kumpita tu.

Hicho ndicho kinanisukuma kuandika hii. Nchi yetu inaendeshwa na hesabu ambazo watu hawazioni: makato, ada, riba, alama. Kila moja mtu fulani aliiandika kama lupu na sharti. Kama sisi hatujui kuzikagua, tutakuwa tunaambiwa tu "sistimu imesema", na tunaenda nyumbani kimya.

Kazi ya wiki hii, basi. Mtu ana mshahara unaotozwa kodi wa 40,000. Fanya kwa kalamu kwanza. Ukipata kodi ya 4,383.35, endesha programu yako uone kama mnakubaliana. Kisha ujaribu 32,333 na 32,334. Ikiruka kwa zaidi ya senti hamsini, rudi ndani uangalie masharti yako. Na wewe mwenye kuandika apu ya kushindana na Uber, nisaidie tu na hili moja: kwa programu yako, mwaka 2100 una siku ngapi?